Mtu Asiye na Makazi Ahudumiwe Mtaa Anaolala

Mada kwa semina ya madiwani, watendaji wa kata, wenyeviti wa mitaa na viongozi wa dini

Nimeombwa nieleze mtazamo wa jamii kwa watu wasio na makazi, na nani anawajibika kuwasaidia. Nazungumza kama afisa ustawi wa jamii.

1. Maana

Watu hawa wote tunawajua: wazee waliotelekezwa, watoto wanaoishi na kufanya kazi mtaani, wagonjwa wa akili, watu wenye ulemavu, na kina mama waliokimbia vipigo. Niseme moja tu. Si kila ombaomba amekosa nyumba, wala si kila anayelala nje anaomba. Wengi hubeba mizigo sokoni au huokota chupa za plastiki.

2. Mtazamo wa jamii

Watu wetu si wagumu wa mkono. Ijumaa nje ya misikiti na Jumapili nje ya makanisa sarafu hutolewa, na Ramadhani futari huwafikia hata wasiofunga. Lakini yuleyule aliyetoa sadaka, ukimuuliza nini kifanyike, atakujibu moja kati ya haya: ni wavivu; wana kwao, warudi; Serikali ipo.

Jibu la pili ndilo tulilolifanyia kazi zaidi. Mwaka 1983, katika operesheni ya Nguvu Kazi, wasio na kitambulisho cha kazi walikamatwa mijini wakapelekwa vijijini, na wengi walirudi. Aprili 2016 ombaomba waliamriwa waondoke Dar es Salaam, na bado tunakutana nao kwenye mataa. Kanuni ya Adhabu nayo, tangu enzi za mkoloni, humhesabu anayeomba hadharani kuwa mzururaji. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo hapahapa nchini, Arusha, ilitoa maoni yake tarehe 4 Desemba 2020 kwamba sheria za uzururaji haziendani na Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi zinapaswa kuzifuta au kuzirekebisha.

Kuhusu jibu la tatu, kwa watoto sheria imeshasema. Kifungu cha 94 cha Sheria ya Mtoto ya 2009 kinaipa halmashauri wajibu wa kulinda ustawi wa mtoto aliye katika eneo lake. Hakiulizi ametoka wapi. Kwa wazee, Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 iliitazama kwanza familia. Ambaye familia yake imekwisha, au imemfukuza, anabaki mikononi mwa nani?

3. Tatizo lenyewe: barua ya mtaa

Hapa naomba mnivumilie, maana ndilo jambo ninalopambana nalo miaka yote ya kazi hii. Huduma nyingi nchini huanza na barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa. Tangu uchangiaji wa gharama za matibabu uanze miaka ya 1990, asiye na uwezo hupata msamaha akija na barua hiyo. Fomu ya kitambulisho cha Taifa lazima ipite mtaani. Ruzuku ya TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii) imekuwa ikilipwa kwa kaya, na kaya zikiibuliwa kwenye mkutano wa wakazi. Kuingia makazi ya wazee kama Nunge au Fungafunga nako huanza na uthibitisho wa mtaa. Asiye na kaya hana pa kuanzia.

Nitoe mfano. Mzee anayelala kwenye kibaraza cha duka la vifaa vya ujenzi amevimba mguu, na kidonda chake kinachotoa usaha kimefungwa kipande cha kanga. Mlinzi anatuambia alimkuta hapo alipoajiriwa. Zahanati wanamsafisha, wanasema mguu unahitaji hospitali, na hospitali itataka barua ya msamaha. Ofisi ya mtaa inataka kwanza kikaratasi cha mjumbe. Mjumbe anauliza, "Anaishi nyumba ya nani?" Tunamwonesha kibaraza. Anajibu kwa upole kabisa, "Mzee huyu namjua, kila asubuhi namwamkia shikamoo, lakini kwenye daftari langu hayumo." Mwenyekiti anasema mzee ni mtu wa mkoa mwingine, tuandike huko. Huko wanajibu kwamba aliondoka zamani, hawamtambui. Mguu unazidi kuoza huku ofisi zikiandikiana.

Simlaumu mjumbe wala mwenyekiti. Mhuri ni dhamana, na wapo waliotumia barua za mitaa kujipatia vitambulisho wasivyostahili. Hospitali nazo hubeba mzigo wa misamaha. Hofu hizo zina msingi. Lakini matokeo yake ni kwamba kila mmoja anafuata utaratibu, na mtu anafia kibarazani.

Njia ipo. Katika Sensa ya 2022 kila mtu alihesabiwa mahali alipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Tukapata watu 61,741,120, na hakuna aliyeambiwa akahesabiwe kwao. Mwaka huohuo tulifanya operesheni ya anwani za makazi, na majengo yakapewa namba. Mzee wetu ana anwani: ni ya duka analolala mbele yake. Kilichowezekana katika kuhesabu kinawezekana katika kuhudumia.

4. Mapendekezo

(a) Kila mtaa uwe na daftari la wanaolala nje, lenye jina, umri unaokadiriwa, mahali anapolala na afya yake.

(b) Halmashauri iandae barua maalumu ya huduma, isiyothibitisha uraia wala umiliki, ili mwenyekiti agonge mhuri bila hofu.

(c) Ushahidi wa mlinzi, mama ntilie au kiongozi wa dini ukubaliwe pale mjumbe asipokuwa na kumbukumbu.

(d) Hospitali zimtibu kwanza mgonjwa anayelala nje, barua ifuate.

(e) Halmashauri itenge fungu la kufidia misamaha ya matibabu yake, hata likianza dogo.

(f) Asisafirishwe mtu kurudishwa mkoani bila hiari yake na bila afisa wa kumpokea.

(g) Misikiti na makanisa yatenge sehemu ya sadaka kwa nauli, dawa na kodi ya chumba, kwa kushirikiana na ofisi ya kata.

(h) Watoto washughulikiwe chini ya Sheria ya Mtoto. Wasikamatwe kama wahalifu.

(i) Narudia: anapolala mtu ndipo wajibu unapoanzia. Mkoa alikotoka uulizwe baadaye, akiwa ameshatibiwa.

5. Hitimisho

Mengine yanahitaji bajeti, na mengine yanahitaji Bunge. Daftari linahitaji kalamu tu. Nawaomba wenyeviti, mkirudi kwenye mitaa yenu, mpite usiku pamoja na wajumbe na muandike majina ya mtakaowakuta. Jina likishaingia daftarini, hakuna ofisi itakayoweza kusema mtu huyo si wake.