CHETI HAKIAZIMWI



Leo tuzungumze juu ya jina. Siku ya kwanza ya kisomo tulianza na nini? Tulianza na jina lako mwenyewe. Ulipoacha dole gumba ukaweka sahihi, ulifurahi. Basi kwa nini mtu aache jina lake, aende kuazima la mwenzake?

Tuchukue mfano. Kijana wa Laela ameishia darasa la saba. Baba yake analima mahindi na ulezi. Kijana anatamani ofisi, suti, na kukaa na wakubwa mjini Sumbawanga. Anapewa cheti cha kidato cha nne cha binamu yake. Anakichukua pamoja na jina. Anapata kazi, anapanda cheo, anakaribishwa viti vya mbele. Siku moja mama yake anafika na unga, anamwita kwa jina alilompa yeye. Kijana anashtuka. "Mama, hapa usiniite hivyo." Je, huo ndio ukubwa?

Huo ni mfano tu, lakini mambo ya namna hiyo yametokea. Tarehe 28 Aprili 2017, huko Dodoma, Rais John Magufuli alipokea taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Watumishi 9,932 walionekana wana vyeti vya kughushi. Vyeti zaidi ya 1,500 vilikutwa vikitumiwa na watu zaidi ya mmoja. Walijulikanaje? Kila cheti kina namba, na Baraza la Mitihani linatunza majina na namba zote. Walilinganisha tu.

Wenye vyeti vya kughushi waliachishwa kazi. Wengine walikuwa wameitumikia miaka mingi, na kazi waliijua. Mwaka 2022 Serikali iliamua warudishiwe michango waliyokatwa katika mishahara, basi.

Na mwenye cheti halisi je? Naye hupata taabu. Akiomba kazi, anakuta jina lake limeshakaliwa.

Sasa tuulizane wazazi. Nani alimfundisha kijana kuona haya jina la baba yake? Mara nyingi ni sisi. Mtoto akifeli tunamwambia, "Wewe umebakiwa na jembe tu," kama kwamba jembe ni adhabu. Halafu tunauza ng'ombe tumnunulie cheti. Ng'ombe huyo si angelipa ada ya masomo?

Njia ya halali ipo. Aliyeishia darasa la saba anaweza kusoma kwa utaratibu wa Elimu ya Watu Wazima, akafanya Mtihani wa Maarifa, kisha mtihani wa kidato cha nne, kwa jina lake. Ni njia ndefu, ndiyo. Lakini akifika, mama akimwita mbele za watu ataitika.

Basi ndugu, vyeti vya watoto viwekeni mahali pakavu, tena vifungieni. Jirani akija kuazima jembe, mpeni. Akija kuazima cheti, mwambieni hapana.