Safari ya Binti Yetu Kwenda Udaktari wa Vijijini: Maneno ya Wanakikundi Siku ya Kutimiza Miaka Kumi



Tumepewa dakika kumi kusema habari za miaka kumi. Jamani, haiwezekani. Mambo ya hisa, riba na mgao mtayasoma kwenye taarifa ya mweka hazina. Sisi tumechagua kusema juu ya mkopo mmoja tu, ule uliotaka kutuvunja.

Tulianza mwaka 2015 tukiwa 15, hisa moja shilingi 1,000, fedha zetu ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo kwa akina mama watatu wasiokaa nyumba jirani. Fedha yenyewe ni ya maziwa, ya ndizi, na ya mboga za soko la Tengeru. Mwaka 2018, mwenzetu mmoja, mjane, alisimama kikaoni akasema binti yake aliyemaliza kidato cha sita kwa PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, amepata nafasi ya kusomea udaktari Moshi, pale KCMC. Tulipiga vigelegele. Kisha akataja kiasi anachoomba: shilingi 1,200,000. Vigelegele vikakatika.

Mtauliza, si kuna Bodi ya Mikopo? Ipo. Lakini fomu yake inataka cheti cha kuzaliwa, na kwa aliyefiwa na mzazi, cheti cha kifo, na vyote vihakikiwe na RITA. Baba wa binti huyu alizikwa nyumbani, mgombani, kama wazee wetu wengi wanavyozikwa, na hakuna aliyekumbuka cheti. Kosa hilo ni letu, ukoo na majirani. Kilipokuja kupatikana, awamu ya kwanza ya mikopo ilikwishapita, na chuoni kunatakiwa fedha ya kuanzia. Wenye watoto wa sekondari mtusikie vizuri hapo: vyeti vitafutwe leo, si siku ya matokeo.

Tulibishana vikao vitatu. Mama mmoja alisema wazi, "Atasoma kwa hela ya maziwa yetu, ataolewa Dar, halafu mtoto wako akiumwa usiku utampigia simu?" Mwingine hakujibu hoja hiyo. Alikumbusha tu habari ya mwenzetu aliyeshikwa na uchungu wakati wa masika, akateremshwa kwa pikipiki kwenye utelezi, akajifungulia njiani, na mtoto hakuishi. Kimya kikawa kirefu. Tukapiga kura kwa punje: mahindi ndiyo, maharage hapana. Mahindi 17, maharage 11. Mwezi uliofuata wanne walichukua hisa zao wakaondoka. Hatuwalaumu. Wawili wamerudi, na wamekaa pale wanacheka.

Hatukujua kwamba njia ni ndefu kiasi kile. Udaktari ni miaka mitano darasani na wodini. Kisha mwaka mzima wa utarajali, anazungushwa magonjwa ya ndani, watoto, upasuaji na uzazi, ndipo Baraza la Madaktari Tanganyika limsajili. Sisi huku kila anayetutibu tunamwita daktari, kumbe wa zahanati mara nyingi ni tabibu mwenye stashahada ya miaka mitatu, na ndiye anayebeba mzigo mkubwa wa vijijini. Mwalimu Nyerere alikuwa akisema Waingereza walituachia madaktari 12 nchi nzima. Leo vyuo ni vingi, KCMC, Muhimbili, Bugando na vingine, lakini daktari wa kumkuta kijijini bado ni wa kutafutwa.

Mwaka 2020 vyuo vilipofungwa kuanzia Machi hadi mwisho wa Mei kwa sababu ya korona, binti akarudi nyumbani. Alikuwa mwaka wa pili, na mwenyewe alituambia bado hajui kutibu. Lakini alikuja kikaoni na kipimo cha presha cha kuazima, akatupima sisi wote kwa kukaa mbalimbali. Saba tulikuwa nayo, watano hatukujua. Siku nyingine alipita nyumba ya mwenzetu ambaye mjukuu wake ana matege. Bibi alikwishapoteza fedha nyingi kwa dawa. Binti hakugusa miguu kwanza. Aliuliza, "Bibi, maji mnachota wapi? Na makande mnatia magadi?" Akatueleza kuwa maji mengi ya Mlima Meru yana floridi nyingi, na magadi yanaongeza; ndiyo haya meno yetu ya kahawia, ambayo ukifika Dar watu wanakutambua kabla hujataja kwenu. Ikizidi sana kwa mtoto anayekua, huingia kwenye mifupa. Alitutajia pia kituo cha Ngurdoto, ambako walitafiti kuchuja floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Bibi akahamia bomba lingine na magadi akayaacha. Miguu ya yule mtoto haikunyooka, tusidanganyane. Mdogo wake anatembea vizuri.

Siku hiyo wengi tulielewa anataka kuwa daktari wa namna gani. Yeye anauita udaktari wa familia: daktari anayemtibu mtoto, mama yake na bibi yake, na anajua wanakunywa maji gani. Ni fani yenye masomo yake juu ya yale ya kwanza. Chuo Kikuu cha Aga Khan kinaifundisha Dar es Salaam, na wenzetu wa Kenya waliianza Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, mwaka 2005.

Sasa tuseme lile mnalolingojea. Je, amerudi Makumira? Hajarudi. Alimaliza utarajali mwishoni mwa 2024, na kazi amepata kituo cha afya huko Simanjiro. Wapo kati yetu walionuna, eti tumesomesha daktari wa Wamasai. Tulimpigia simu, tukaweka sauti kubwa. Akasema, "Mama zangu, huku mama mjamzito anatoka mbali kuliko kutoka Nkoaranga mpaka mjini, tena hakuna gari." Aliyeuliza swali la Dar mwaka 2018 ndiye aliyesema basi, tumwache afanye kazi.

Deni analipa. Katika mshahara wake Bodi inakata asilimia 15, halafu kila mwezi anatutumia kwa simu. Zimebaki shilingi 380,000. Ameomba pia, akipata nafasi ya udaktari wa familia, tumsimamishie marejesho mpaka amalize. Hilo hatujaamua.

Na kuna ombi jipya mezani: binti mwingine, PCB, naye wa mwenzetu. Cheti cha kuzaliwa anacho, kimehakikiwa. Baada ya chakula wageni mtatusamehe, wanakikundi tubaki ukumbini. Mahindi na maharage yako kwa katibu.