Bastola Iliyopigwa Tupa

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa, siku ya mkutano wetu)



Nimeombwa niseme neno juu ya elimu na maisha. Wasemaji walionitangulia wamekwisha kulieleza jambo hilo kwa upana, nami sitaki kuwachosha kwa kurudia. Nitalishika kwa upande mmoja mdogo tu. Nitasema juu ya kitu kimoja kilichoharibiwa na mtu asiyekijua, na jinsi ukoo mzima ulivyolazimika kukaa kikao na kuamua kifanywe nini. Kitu hicho ni bastola, na ukoo huo ni wetu, wa Kasanga.

Wengi wenu mnaifahamu Kasanga. Ukitoka hapa Ufipa juu kwenye baridi, ukapita Matai, ukateremka ukingo wa bonde mpaka joto likupokee, umefika ziwani. Baba yangu mkubwa alikuwa mfanyabiashara wa samaki pale. Alinunua dagaa na migebuka kwa wavuvi, akavipandisha Sumbawanga, akateremka na fedha mfukoni. Katika miaka ya 1990, vita vilipopamba moto ng'ambo ya ziwa, katika nchi iliyoitwa Zaire mpaka mwaka 1997, wafanyabiashara wa mwambao waliingiwa na hofu ya majambazi wa majini. Mzee akaomba leseni, akapewa, akanunua bastola. Kwa miaka mingi ilikaa kiunoni mwake bila kutoa sauti, na kwa silaha ya raia hiyo ndiyo sifa njema kuliko zote.

Uzee ukaja na vidole vikakakamaa. Akaona kifyatulio ni kigumu. Jirani akamshauri ampelekee fundi fulani, hodari kweli wa mashine za boti, ambaye jina lake sitalitaja. Fundi akaifungua bastola, akapiga tupa hapa na pale, akairudisha. Kifyatulio kikawa laini kama swichi ya redio, na mzee akafurahi. Wiki chache baadaye aliiweka mezani baada ya safari, ikalia yenyewe. Risasi ikatoboa debe la mafuta ya mawese lililokuwa karibu na ukuta. Mke wake alikuwa ameinuka kitini muda mfupi tu kabla. Mzee akaifunga silaha ile katika kitambaa, akaizika chini kabisa ya sanduku la bati, asimwambie mtu ila dada yake, yaani shangazi yetu.

Ndugu zangu, kazi yangu serikalini ni ya mizani na vipimo, kwa hiyo tupa naifahamu. Naomba mniruhusu niwaeleze wanafunzi kilichotokea ndani ya chuma kile. Katika bastola ya namna ile kuna nyundo inayopiga kitako cha risasi. Nyundo ikivutwa nyuma, inazuiliwa na jino dogo la chuma. Uso wa jino hilo umekomazwa kwa moto kiwandani, na mara nyingi sehemu ile ngumu ni ganda jembamba tu. Mtu akilipiga tupa ili kifyatulio kiwe chepesi, hulimaliza ganda, na kubaki na chuma laini kinachoshika kwa ncha ndogo sana. Siku ya kwanza kitaonekana kizuri. Kila kikitumika kinalika, mpaka siku moja mtikiso mdogo unatosha kuiachia nyundo. Ganda lililosagwa haliwezi kurudishwa kwa tupa. Kwa mizani tunayo kanuni: iliyochokonolewa na asiyeruhusiwa haitumiki tena mpaka ikaguliwe na kugongwa mhuri upya. Lakini mizani mbovu humwibia mtu kilo moja ya mahindi. Bastola mbovu haipimi kwa kilo.

Mzee alipofariki, tukafungua sanduku, tukaikuta. Kikao cha ukoo kikakaa, na nyote mnajua vikao vyetu. Kila mtu alikuwa na rai yake, na kila rai ilikuwa na hoja.

Wa kwanza alisema itengenezwe. Akaleta methali tunayoipenda sisi watu wa uhunzi: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Atafutwe fundi mwingine aliye bora, iwe nzima, kisha akabidhiwe mtoto wa kwanza wa marehemu.

Mimi nilimjibu kwa habari ya meli ambayo kila mtu wa Kasanga ameipanda au amemsindikiza aliyeipanda. Liemba, iliyolihudumia ziwa letu kwa miongo mingi, ilijengwa na Wajerumani ikiitwa Graf von Götzen. Mwezi wa Julai 1916, waliposhindwa kuilinda, waliizamisha wenyewe karibu na mlango wa mto Malagarasi. Lakini walioizamisha walikuwa mafundi wa kiwanda kilekile kilichoijenga huko Papenburg, na kabla ya kuizamisha waliipaka mitambo grisi nzito. Wabelgiji wakaiinua, ikazama tena bandarini Kigoma. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, wakaona mitambo ingali inafaa, na mwezi wa Mei 1927 ikaanza kazi kwa jina jipya. Chombo kilichozamishwa na anayekijua kilifufuka kutoka chini ya maji. Bastola yetu ilikaa pakavu, ndani ya kitambaa safi, nayo ilikuwa imekufa. Tofauti ni mkono uliokigusa kila kimoja mara ya mwisho. Tena, hata kama angepatikana fundi mwenye leseni, leseni ya kumiliki silaha alipewa marehemu yeye mwenyewe. Hairithiwi kama shamba la mihogo.

Wa pili alisema basi ibaki kama ilivyo, itundikwe ukutani iwe kumbukumbu, kwa kuwa mbovu haina madhara.

Hapa Kasanga yenyewe inatufundisha. Wajerumani waliijenga boma pale wakapaita Bismarckburg. Mwezi wa Juni 1916 vikosi vya Waingereza vililizingira kwa nchi kavu, na boti zao za kivita zikatakiwa zifunge njia ya maji. Mkuu wa boti hizo, Spicer-Simson, aliiona mizinga ya boma, akaogopa kuisogelea, akaondoka. Wajerumani wakatoroka kwa majahazi. Waingereza walipoingia bomani wakakuta mizinga ile ilikuwa ya mbao. Sasa jiulizeni: ikiwa gogo lililochongwa liliweza kukimbiza boti za kivita, chuma halisi chenye mtutu halisi kitamfanya nini mwenye duka usiku? Kijana akichukua bastola mbovu ukutani akamtolea mtu kumnyang'anya mali, aliyetolewa hatauliza kama inalia. Wala mahakama haitaichukulia kama mchezo. Kwa Kanuni ya Adhabu yetu, unyang'anyi wa kutumia silaha ni kifungo kisichopungua miaka 30. Na ile yetu, ndugu zangu, ililia bila hata kuombwa.

Wa tatu alisema itupwe ziwani, usiku, mambo yaishe. Rai hii iliungwa mkono na wengi, maana ilionekana ya amani. Ng'ambo ya mpaka, mjini Mbala, ulioitwa Abercorn zamani, ndiko von Lettow-Vorbeck alikosalimisha jeshi lake tarehe 25 Novemba 1918, na husimuliwa kwamba silaha nyingi zilitupwa katika ziwa dogo la Chila. Zaidi ya miaka mia imepita na habari za silaha zile bado zinasimuliwa. Ziwa halisahau kama tunavyodhani. Siku yoyote wavu wa mvuvi ungeweza kuileta pwani. Isitoshe, bastola ya marehemu ilikuwa na namba, na namba ile ilikuwa imeandikwa katika daftari la serikali pamoja na jina lake. Ukitupa chuma hujafuta jina. Siku watakapokuja kuuliza, mjane atasema iko wapi?

Wa nne alisema kwa sauti ya chini kwamba yuko mtu wa kuinunua. Sitamlaumu, maana ada za watoto zilikuwa zinadaiwa. Lakini mtu anayenunua bastola bila karatasi hainunui kwa ajili ya kufukuzia nyani shambani.

Ndipo shangazi, ambaye alikuwa amekaa mkekani kimya, akauliza swali moja tu: "Nani kati yenu ataiweka chumba wanamolala watoto wake usiku wa leo?" Hakujibu mtu. Akasema, "Basi si mali hiyo. Ni deni la kaka yangu. Lilipeni."

Ndugu Mwenyekiti, kikao kiliishia hapo. Tuliamua kuikabidhi polisi. Hatukuibeba kwenye basi wala kuipitisha mkono kwa mkono. Tuliiacha palepale sandukuni, tukafunga chumba, tukamwarifu mwenyekiti wa kijiji na kituo cha polisi, tukaeleza kila kitu, pamoja na lile debe la mawese. Wapo waliohofia kwamba jina la mzee litachafuka. Askari aliyekuja alikuwa mtu wa makamo, mpole. Aliwatoa watu wote nje, akaikagua. Alipomaliza alituonyesha risasi moja aliyoitoa. Ilikuwa imo ndani ya chemba miaka yote ile. Na katika siku za msiba sanduku lile lilikuwa limeburutwa, limekaliwa na wageni, na watoto walikuwa wamelipigia ngoma. Shangazi alipoiona risasi ile aliketi chini, asiseme neno. Tukaandikishiana, tukapewa karatasi ya kupokelewa, na karatasi ile ndiyo tuliyoiweka katika sanduku la mzee badala ya silaha.

Naomba tusidhani kwamba jambo hili ni la Kasanga peke yake. Mataifa ya Afrika Mashariki, Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika yalitia sahihi Itifaki ya Nairobi mwaka 2004 ili kudhibiti silaha ndogo. Hapa kwetu Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ilichukua nafasi ya ile ya mwaka 1991, na kutengeneza au kubadili silaha bila leseni ni kosa. Serikali yetu imewahi kutoa muda maalumu wa kusalimisha kwa hiari bila kushitakiwa, kama ilivyofanya Septemba na Oktoba 2022. Wenzetu wa Kenya walichoma moto silaha 5,250 huko Ngong mwezi wa Novemba 2016. Msumbiji, kuanzia mwaka 1995, Baraza la Kikristo liliwapa watu majembe, baiskeli na cherehani kwa kubadilishana na bunduki walizozificha baada ya vita.

Habari ya majembe inanirudisha kwetu. Wazee wetu wa Ufipa walikuwa mabingwa wa chuma. Walijenga matanuru ya udongo, malungu, marefu kumshinda mtu, na chuma kilichotoka humo hakikwenda moja kwa moja kwa mhunzi. Kilipitishwa kwanza katika tanuru la pili, dogo, la kukisafisha. Kila hatua ilikuwa na wenyewe walioijua. Methali ya koleo ilitoka kwa watu wa namna hiyo. Koleo likivunjika, uhunzi haufi kwa sababu mhunzi yupo. Bastola ile ilishikwa mahali ambapo mhunzi wake hayupo, na ndiyo maana methali haikuifaa.

Wadogo zetu, yule fundi wa boti hakuwa mjinga. Mpaka leo naamini hakuna aliyemshinda kwa mashine za boti pwani ile. Kilichokosekana ni neno moja dogo ambalo mtu mwenye sifa huona haya kulitamka: "Hiki sikijui." Mtafaulu mitihani, mtapata vyeti, na siku itafika ambapo mtu anayekuheshimu atakuletea kitu chake mkononi akuombe ukitengeneze. Inaweza kuwa dawa, hesabu za ushirika, nyaya za umeme au kesi ya shamba. Heshima yako itakusukuma useme ndiyo. Siku hiyo mkumbuke mwanamke aliyeinuka kitini.

Na kwa wenzangu wa rika langu, ambao sasa ndio tunaofungua masanduku ya wazee wetu: ukikuta kitu kama kile, usikijaribu, usijaribu kutoa risasi, usikitembeze kwa majirani. Funga mlango, watoe watoto, nenda kawaambie polisi. Mjane wa baba mkubwa angali hai, analala chumba kilekile, na sanduku lile sasa anatunzia vitenge.