Asiyeweza Kusema Naye Ana la Kusema

Hotuba ya ofisa wa polisi jamii kwa wananchi wa maeneo ya mpakani waliokutana Gisimenti, Kigali



Hapa Gisimenti watu huja jioni kula na kuburudika. Akipita mtu anayepepesuka, maneno yakimkwama kinywani, wapita njia huhukumu upesi: amelewa. Huenda hajaonja hata tone. Huenda aliwahi kupatwa na kiharusi, au amezaliwa na mtindio wa ubongo, na viungo na ulimi havimtii. Usidhani kwamba akili yake imepotea kwa sababu sauti imepotea. Na kama hali hiyo imemjia ghafla, uso ukapinda upande mmoja, huyo ni wa hospitali mara moja. Pigeni simu 912.

Njia ya kumwezesha kusema ipo, wala si lazima iwe ya gharama. Mhariri Mfaransa Jean-Dominique Bauby alipatwa na kiharusi mwaka 1995, akabaki na uwezo wa kupepesa jicho la kushoto. Msaidizi alimtajia herufi mojamoja, naye alipepesa jicho ilipofikiwa aitakayo. Kwa namna hiyo alitunga kitabu kizima, kikachapishwa mwaka 1997. Herufi zilipangwa kwa kadiri zinavyotumika katika Kifaransa, ya kwanza ikiwa E. Sisi wa Kiswahili tungeanza na A.

Nanyi mwaweza kutengeneza ubao wa namna hiyo kwa kadibodi na kalamu. Andikeni herufi kwa safu, pamoja na namba, NDIYO, HAPANA na SIJUI. Kwa asiyejua kusoma, choreni picha. Asiyeweza kunyoosha kidole ataonyesha kwa macho: mtaje safu kwanza, kisha herufi.

Lakini sikilizeni neno moja ambalo sisi polisi tunalijali zaidi. Ubao wenye chai, maji na choo peke yake haumtoshi mtu. Uwekeeni pia maneno haya: NINAUMWA, NINAOGOPA, AMENIPIGA, AMENISHIKA, SIMJUI HUYU. Ongezeni mchoro wa mwili mzima, aweze kuonyesha mahali alipoumizwa. Asiyepewa neno la kushitakia hawezi kushitaki, na mwovu analijua hilo.

Mpakani jambo hili lina uzito wake. Kati ya Rubavu na Goma ndugu zetu wenye ulemavu huvuka na baiskeli za magurudumu matatu zilizosheheni bidhaa, wakijitafutia riziki halali. Fikirieni miongoni mwao mmoja asiyeweza kusema. Anayemsukuma ndiye atakayeulizwa kila kitu: mzigo ni wa nani, mnakwenda wapi, huyu ni nani wako. Akiwa mwema, hapana neno. Akiwa mhalifu, amejipatia shahidi asiyeweza kumkanusha.

Kwa hiyo tushike kanuni chache, raia na askari pia. Mwulize mwenyewe, ukimtazama machoni. Kubalianeni kwanza ishara ya ndiyo na ya hapana, kisha ihakikishe kwa swali ambalo jibu lake unalijua. Uliza jambo moja kwa wakati mmoja, ungoje. Usimmalizie maneno, wala usimtilie jibu kinywani. Mtu yeyote asimshike mkono kumwelekeza kwenye herufi, maana hapo hatutajua nani amesema. Mwisho umsomee ulichoandika, akubali au akatae. Akitaka kusema bila msindikizaji wake kuwapo, apewe nafasi hiyo.

Huo si wema tu, ni haki. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Rwanda iliuridhia mwaka 2008, unazitambua njia hizi kuwa mawasiliano kamili, na unadai wenye ulemavu wafikiwe na haki sawa na wengine.

Namba yetu ya dharura ni 112. Jirani yako asiyeweza kuzungumza hataweza kuipiga na kujieleza, mpigie wewe. Lakini askari afikapo, usimsemee. Mletee ubao wake, kisha umpe nafasi ajieleze.