Behewa la Mafuta Likianguka

Sisi tunaoishi kando ya reli huona mabehewa ya mafuta yakipita. Siku moja likianguka, jameni, tusikimbilie na mitungi. Tukumbuke Sachangwan, Januari 2009: lori la petroli lilianguka, watu wakachota, moto ukalipuka, zaidi ya 100 wakafa. Behewa nalo ni tangi vilevile. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini mpaka kwenye jiko la jirani, na moto hurudi kwa njia hiyohiyo. Tangi likizungukwa na moto, mafuta huchemka ndani mpaka chuma kinapasuka. Basi tufanye nini? Tuzime majiko, tuondoe watoto, twende mbali upande upepo unakotoka, tumjulishe chifu. Mtungi mmoja wa petroli haulei yatima.