Mwili Mmoja: Maana ya Kupokea Komunyo katika Nchi ya Shaba

Hoja ninayoipinga jioni hii ina watetezi wasomi na wasio wasomi. Inasema kwamba Mkristo anayepokea komunyo anapokea nguvu: anaingia shimoni, safarini au chumba cha kujifungulia akiwa na Yesu ndani yake, na kadiri anavyopokea mara nyingi ndivyo kinga yake inavyozidi. Mchimbaji wa mkono anayeshuka kwenye shimo lisilo na nguzo ana sababu ya kutafuta kinga. Juni 2019 watu wasiopungua 36 walifukiwa na udongo katika mgodi wa KOV hapa Kolwezi, na hakuna mwenye haki ya kudharau sala ya anayeshuka baada yao. Nisichokikubali ni mafundisho yanayoichukua hofu hiyo halali na kuigeuza kuwa maana yote ya sakramenti, hata mtu atoke altareni akiamini kwamba shughuli iliyofanyika ilimhusu yeye na Bwana wake tu.

Wasomi wa upande huo humwita Padri Placide Tempels awe shahidi wao. Kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu, kilichotoka Elisabethville mwaka 1945, kilidai kwamba kwa Mbantu kuwapo ni kuwa na nguvu, na kwamba nguvu hiyo huongezeka au hupungua. Basi, wanasema, komunyo ndiyo nyongeza kuu ya nguvu. Kitabu hicho kimejadiliwa mno na sina haja ya kurudia mjadala wake. Lakini wanaomtaja Tempels wa 1945 wanamsahau Tempels wa 1953, aliyekaa Musonoi, hapahapa Kolwezi, katikati ya wafanyakazi wa Union Minière na wake zao. Pale ndipo ilipozaliwa Jamaa, harakati ya Wakatoliki walei, na mafundisho yake yalisimama juu ya mambo matatu: uzima, uzazi na mapendo. Johannes Fabian, aliyewasikiliza wana-Jamaa katika miaka ya 1960 na kuchapisha utafiti wake mwaka 1971, anaonyesha jinsi mambo hayo yalivyofungamana: uzima usiozaa na usiopenda haukuhesabiwa kuwa uzima. Mume na mke waliingia pamoja, wakizaliwa kiroho na waliowatangulia. Maaskofu walikuja kuona hatari katika baadhi ya matawi ya Jamaa, na walikuwa na sababu zao. Hata hivyo, shahidi huyu akiitwa mbele ya baraza kwa haki, ushahidi wake unawaangusha waliomwita.

Shahidi mkubwa zaidi ni Mtume Paulo, katika sura ya 11 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, uliokwisha kuandikwa kabla ya miaka 30 kutimia tangu Yesu alipokufa. Wapinzani wangu wanaipenda sura hii kwa sababu ya aya moja tu, ile inayosema kwamba kwa kula isivyostahili wengi wa Korintho ni dhaifu na wagonjwa, na baadhi wamekufa. Mnaona, wanasema, hii ni nguvu kweli, inamlinda aliye safi na kumpiga aliye mchafu. Naomba tusome aya zilizotangulia na zinazofuata. Paulo anaanza na malalamiko ya chakula. Wakristo wanakutana kwa karamu ya Bwana, wenye nacho wanatangulia kula vyao, mmoja analewa, na maskini wanabaki na njaa na aibu. Mtume hasemi kwamba karamu hiyo ina kasoro. Anatamka kwamba hiyo si karamu ya Bwana hata kidogo. Ndipo anapoyaleta maneno ya Yesu juu ya mkate na kikombe, anaonya juu ya kutoutambua mwili, kisha anafunga kwa agizo ambalo mtu mwenye fikra za kinga hawezi kulieleza: mnapokutana kula, ngojaneni. Kama kosa la Wakorintho lingekuwa uchafu wa siri wa nafsi, dawa yake ingekuwa kujitakasa. Dawa aliyoitoa ni kumngoja mwenye njaa. Na sura moja kabla alikwisha kusema kwamba, kwa kuwa mkate ni mmoja, sisi tulio wengi tu mwili mmoja.

Nitajibiwa kwamba hivyo naifuta imani ya Kanisa. Mtaguso wa Trento, mwaka 1551, ulifundisha kwamba Kristo yumo mzima na kwa kweli katika Ekaristi, na kwamba anayepokea hupata dawa ya kumkinga na dhambi ya mauti. Naamini yote hayo. Lakini Tomaso wa Akwino, ambaye hakuna atakayemshuku juu ya jambo hili, aliuliza sakramenti hii inaleta nini mwishoni, akajibu: umoja wa mwili wa fumbo, yaani Kanisa. Neema ya mtu mmoja mmoja ni ya kweli, nayo inampeleka huko. Anayeikataa safari hiyo amepokea Mwili wa Kristo na kuyakataa matunda yake.

Misale yetu wenyewe inasema hivyohivyo, na ndiyo hoja ninayoipenda kuliko zote. Katika misale ya Kiroma kwa majimbo ya Zaire, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, toba haiko mwanzoni. Inakuja baada ya Neno na mahubiri, amani inapeanwa hapohapo, ndipo vipaji vinapelekwa altareni. Mpangilio huo unamtii Yesu aliyesema uache sadaka yako ukapatane kwanza na ndugu yako. Sasa tuutazame mji wetu. Kwenye soko la Musompo wachimbaji hulalamika kwamba mizani imechezewa, na kwamba Metorex, ile mashine ya kupima kiwango cha madini, inasoma chini. Kama mnunuzi anayefanya hivyo Jumamosi anasimama Jumapili kwenye mstari mmoja na mchimbaji aliyempunja, Korintho imehamia Lualaba. Wengine watasema naingiza biashara katika ibada. Paulo alianza na chakula kilichonyimwa maskini, sijaongeza kitu.

Kinachonisikitisha ni kwamba ukali wetu wote umeelekezwa mahali pamoja. Mke na mume ambao ndoa yao haijafungwa kanisani wanajua kabisa kwamba hawapaswi kupanga mstari, na wengi hukaa hivyo miaka. Anayepunja kilo hajawahi kuulizwa. Nawaomba mapadri na makatekista wa jimbo la Kolwezi wafundishe sura ya 11 nzima kwa wanaojiandaa kwa komunyo ya kwanza, na katika jumuiya ndogondogo swali la mizani liulizwe waziwazi kama linavyoulizwa la ndoa.