Mgongo Uulizwe Kwanza

Habari yenyewe imekwisha kusikika. Alhamisi, tarehe 7 Desemba 2023, Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitoa mwongozo wake wa kwanza juu ya maumivu ya kiuno yanayopita miezi 3. Redio hii haitausoma tena. Kinachoisumbua ni namna habari fupi inavyogeuka ikitoka mdomo huu kwenda mdomo ule. Asubuhi imesemwa kwamba mwenye kiuno afanye mazoezi. Jioni mtu atasikia kwamba kiuno si ugonjwa. Imesemwa kwamba baadhi ya dawa hazifai. Mtu atasikia kwamba dawa zote zimekatazwa. Halafu mgonjwa mmoja, ambaye mgongo wake ulihitaji dawa jana, atabaki nyumbani akijinyoosha kwenye mkeka.

Mgongo uulizwe kwanza. Hilo ndilo neno la leo, na litarudiwa.

OMS inahesabu watu milioni 619 walioumwa kiuno mwaka 2020, na inakadiria watafika milioni 843 mwaka 2050, ongezeko kubwa likiwa Afrika na Asia. Hesabu hiyo ni pana mno. Mji wetu wa Kabalo uko karibu zaidi. Bidoni la lita 20 likijaa maji ni kilo 20. Mama analitoa chini, analipitisha kwenye paja, analipandisha kifuani, kisha kichwani juu ya ngata ya kikwembe, na mara nyingi kuna mtoto amefungwa mgongoni. Anapanda nalo kutoka mto Lualaba, shingo imekaza, hatua fupi fupi. Kijana wa makaa naye amefunga magunia kwenye baiskeli mpaka kiti hakionekani. Haendeshi, anasukuma, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine nyuma, kiuno kimepinda upande mmoja njia nzima.

Na hapa redio hii inarudia yale iliyokwisha kuyasema: treni. Kabalo ni njiapanda ya reli. Kutoka hapa reli inakwenda Kalemie, inakwenda Kongolo na kuendelea hadi Kindu, inakwenda Kamina. Njia ya Kalemie, kilomita zaidi ya 270, ilikamilika mwaka 1915. Mzigo wa mji huu uliwekewa behewa tangu enzi za mababu. Treni isipokuja mzigo haungoji, unapanda kichwa cha mama na mabega ya kijana. Anayezungumzia migongo ya Kabalo bila kuitaja reli amesema nusu.

Sasa, ni mgongo upi unaouma? Kwa wagonjwa wengi sana, kama 9 katika kila 10, hakuna mfupa uliovunjika wala ugonjwa uliojificha. Ni misuli, ni viungo vidogo vya pingili, ni diski iliyochoka. Maumivu yanaweza kuwa makali hata mtu ashindwe kuvaa viatu, lakini yanapungua akilala, yanabadilika akigeuka, na kwa kawaida ndani ya wiki 6 hali inakuwa nafuu. Mgongo wa namna hii unataka kutembea. Zamani mgonjwa aliambiwa alale asiguse kitu. Mwaka 1995 madaktari wa Helsinki, Finland, walifuatilia wafanyakazi 186 wa mji walioshikwa na kiuno ghafla. Wengine walilazwa siku 2, wengine walipewa mazoezi maalumu, wengine waliambiwa waendelee na shughuli zao kadiri wanavyoweza. Waliopona upesi zaidi ni hao wa mwisho.

Kuna kisa kingine ambacho wataalamu wa viungo wanasimuliana mpaka leo. Mwaka 1956, huko Wellington, New Zealand, mtaalamu wa viungo Robin McKenzie alikuwa na mgonjwa ambaye maumivu yake yalishuka mpaka mguuni, na wiki 3 za matibabu hazikumsaidia. Siku moja mgonjwa aliambiwa aingie chumbani alale kifudifudi. Kitanda kilikuwa kimeachwa upande wa kichwa umeinuliwa, naye akalala hivyo hivyo, mgongo umepinda kwa nyuma. McKenzie aliporudi aliingiwa na hofu. Mgonjwa akamwambia mguu hauumi tena. Njia ya mazoezi iliyotokana na siku ile sasa imeenea duniani, nayo haihitaji umeme.

Lakini kuna mgongo mwingine, na huo ndio redio hii inauhofia zaidi.

Kongo imo kati ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa kabisa wa kifua kikuu. Wengi wanajua kwamba ugonjwa huo unakaa mapafuni. Wachache wanajua kwamba unashuka hata kwenye pingili za mgongo na kuzila polepole, na kwamba mgonjwa wa namna hiyo anaweza asikohoe hata siku moja. Daktari wa upasuaji wa London, Percivall Pott, aliueleza mwaka 1779, ndiyo maana katika hospitali nyingi unaitwa ugonjwa wa Pott. Maumivu yake hayafanani na yale ya bidoni. Hayapungui mtu akilala, na usiku ndiyo yanamwamsha. Yanazidi wiki hata wiki. Jioni mwili una joto, usiku shuka zinalowa jasho, suruali inaanza kulegea kiunoni. Baadaye katikati ya mgongo inajitokeza nundu, na miguu inakuwa mizito kama ya mtu anayevuka matope.

Mtoto haelezi hayo yote. Mtoto atazamwe. Mwenye mgongo mzima akiangusha kitu anainama mara moja na kukiokota. Mwenye pingili zinazoliwa hainami. Anachuchumaa polepole, mgongo umenyooka kama ubao, mkono mmoja ameushika kwenye goti, anaokota, kisha anajiinua kwa kulisukuma goti lile lile kwa kiganja. Mzazi akiona hivyo asiseme mtoto ana uvivu. Asiseme amerogwa. Kila wiki inayopita kwenye chale na maombi peke yake ni wiki ambayo pingili inaendelea kuporomoka.

Ugonjwa huo unatibika, na katika mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu dawa hazilipiwi. Za mifupa humezwa kwa muda mrefu kuliko za mapafu, mara nyingi mpaka miezi 9 au 12, bila kuruka. Na hapa pia kitanda kimeshindwa kuthibitisha faida yake. Katika utafiti wa Masan, Korea Kusini, ulioanza miaka ya 1960, wagonjwa wengine walilazwa miezi 6 na wengine walimeza dawa wakiwa wanatembea na kuishi kwao. Huko Pusan wengine walivishwa plasta ya kiwiliwili miezi 9. Kitanda hakikuongeza kitu, na plasta haikuongeza kitu. Dawa ndizo zilizoponya. Kazi ya mazoezi ya viungo ni kuirudishia miguu nguvu iliyopotea, dawa zikiwa zinaendelea.

Ndiyo maana redio hii inakataa sindano isiyouliza. Mtu anafika ameshika kiuno, anachomwa diklo (diklofenaki), anakwenda. Wiki ijayo anarudi, anachomwa diklo. Au haendi kabisa, ananunua vidonge vya deksa (deksamethasoni) sokoni, viwili viwili, bila karatasi. Deksa inatuliza, na hapo ndipo hatari ilipo. Inaficha maumivu na joto, na wakati huo huo inaupunguzia mwili nguvu ya kupigana na kifua kikuu. Mgongo haukuulizwa, umenyamazishwa tu. Mgongo uulizwe kwanza.

Kuna pia mgongo usiongoja hata kesho. Mtu mwenye kiuno akianza kushindwa kukojoa, au choo kikimtoka bila kujua, akipata ganzi katikati ya mapaja pale panapogusa kiti cha baiskeli, au miguu yote miwili ikilegea, mishipa ya fahamu imebanwa vibaya. Aondolewe siku ile ile kwenda hospitali kuu.

Na aliyeanguka kwenye pikipiki au kwenye mwembe asivutwe mikono. Septemba 2019 treni iliyotoka Nyunzu kuelekea Niemba ilipinduka pale Mayibaridi, na kila ajali ya namna hiyo mikono mingi yenye huruma inakimbilia kuvuta majeruhi. Shingo na mgongo vishikwe pamoja, mtu ageuzwe kama gogo moja, watu 4 kwa hesabu moja, awekwe juu ya mlango au ubao. Huruma ya haraka inaweza kumpoozesha aliyekuwa bado anatembea.

Mtaalamu wa viungo, ambaye wengi hapa wanamwita kine, hana mashine ya ajabu. Anaanza na maswali: tangu lini, usiku inakuwaje, joto lipo, umekonda, mkojo unatoka vizuri. Anamwambia mgonjwa atembee kwa visigino, kisha kwa vidole. Anamlaza chali, anauinua mguu ulionyooka polepole. Maumivu yakishuka kama umeme chini ya goti, anajua mshipa umebanwa. Ndipo mazoezi yanapoanza, juu ya mkeka: magoti yamekunjwa, makalio yanainuliwa na kushushwa mara 10. Mgonjwa anapiga magoti, viganja chini, ananyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, anahesabu mpaka 5. Anatembea dakika 10, wiki ijayo 20. Anafundishwa kuchuchumaa, kulisogeza bidoni mwilini, kumwita jirani wasaidiane kulipandisha. Lita 10 mara mbili badala ya 20 mara moja. Mwongozo wa OMS unasema hivyo hivyo: elimu, mazoezi, tiba ya mikono. Mkanda wa kiuno, kuvutwa kwa uzito na dawa kali za jamii ya morfini haviungwi mkono kwa wagonjwa walio wengi.

Kongo inao watu wa kazi hii. Chuo cha ISTM cha Kinshasa kinawafundisha. Goma kuna kituo cha Shirika la Umoja, Bukavu kuna Heri Kwetu, ambako waliojeruhiwa na wenye ulemavu wamerudishiwa mwendo kwa miaka mingi. Mwezi Mei mwaka 2023, huko Geneva, mataifa yalipitisha azimio kwamba tiba ya kurejesha uwezo wa mwili iingizwe katika huduma za afya za kila nchi. Mkoa wa Tanganyika una maeneo 6: Kalemie, Kabalo, Kongolo, Manono, Moba na Nyunzu. Wananchi waambiwe hadharani, eneo kwa eneo, chumba cha kine kiko hospitali gani na nani anakifanyia kazi.

Tarehe 20 Desemba 2023 ilikuwa kura. Vipaza sauti vilipita, vitambaa viligawiwa, barabara ziliahidiwa. Uzazi bila malipo ulizinduliwa Kinshasa Septemba 2023, na redio hii iliupongeza kwa moyo wote. Lakini mama akishajifungua anarudi kwenye bidoni lile lile. Basi kura ikija tena, muulizeni mgombea! Muulizeni juu ya pampu ya maji karibu na nyumba, kwa sababu pampu ni tiba ya kiuno. Muulizeni juu ya treni. Muulizeni atamleta lini mtu wa kine, na akijibu kwa wimbo, muulizeni tena!

Wauguzi wa vituo vya afya, ulizeni maswali yale 5 kabla ya kufungua sindano. Vijana wa stesheni, msikubali kupakiwa gunia mkiwa mmeinama. Na mwenye mtoto ambaye haokoti kitu bila kushika goti asingoje treni wala kura. Kesho asubuhi ampeleke kituo cha afya, amvue shati mbele ya muuguzi, aonyeshe mgongo, aombe kipimo cha kifua kikuu.